Umebandua karatasi za ukutani? Usiite fundi wa plasta bado

Nawaambia hasa wenye nyumba za zamani Mji Mkongwe, Zanzibar. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa na udongo hautengenezwi kama ukuta wa matofali ya saruji. Karatasi ikishatoka, kuna kazi ya kufanya kabla hujachanganya chochote.

Pita kwanza Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe uulize habari ya kibali; mji huu uko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000. Zima umeme kwenye swichi kubwa. Toa vyombo, tandika turubai, vaa barakoa.

Gundi ya karatasi iondoke yote. Lowesha kwa maji ya uvuguvugu, kwangua, futa kwa sponji, rudia mpaka kiganja kilicholowa kisiteleze ukutani. Ikibaki, plasta mpya haishiki. Ukikuta rangi ya mafuta chini yake, nayo itoke.

Kisha gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kuanzia chini kwenda juu. Panapolia wazi kama mtungi mtupu, plasta imeachana na jiwe. Weka alama ya chaki, bomoa hapo tu. Panapolia kizito paache. Na ukikuta kidaka, yaani kishimo cha ukutani cha kuwekea vitu, kilichozibwa zamani, tafadhali usikijaze zege, kifungue.

Sasa unyevu, na hapa nisikilize vizuri. Chumba cha chini cha shangazi yangu kilibandikwa karatasi wakati wa harusi ili kuficha madoa. Tulipozibandua miaka kadhaa baadaye, ukuta ulikuwa baridi, na unga mweupe wa chumvi umejaa mpaka usawa wa kiuno. Fundi akasema dawa yake ni plasta ya saruji iliyotiwa dawa ya kuzuia maji. Tukakubali, kwa sababu ilikuwa rahisi na ya haraka, na kazi ikaisha kwa wiki moja. Ukuta ukawa laini kama sahani. Masika iliyofuata doa likatokea juu ya ile saruji, mahali ambapo hapajawahi kuwa na doa. Usiku mmoja bapa zima la plasta likadondoka kwenye kitanda cha shangazi. Mwenyezi Mungu alimnusuru, alikuwa ameamka kuswali. Nyuma ya bapa lile udongo wa ukuta ulikuwa umelainika, unachotwa kwa vidole, na ncha ya boriti moja iliyoingia ukutani imeoza.

Mzee mmoja fundi wa chokaa ndiye aliyetueleza. Chokaa huyaachia maji yaliyomo ukutani yatoke taratibu. Saruji huyafungia, nayo yakikosa njia hupanda juu, na chumvi hubaki nyuma ya plasta ikiisukuma. Tena maji yenyewe yalitoka nje: bomba la mvua lililovunjika lilikuwa likimwaga kwenye msingi wa ukuta uleule. Hakuna aliyezunguka nje kutazama.

Kwa hiyo zunguka nje. Tazama mabomba, paa, choo cha jirani, sakafu ya uchochoro iliyopandishwa juu kuliko ya ndani. Ziba chanzo kwanza. Halafu bandika kipande cha nailoni ukutani, kingo zote kwa utepe, ukiache siku mbili. Matone yakijikusanya upande wa ukutani, ukuta bado una maji. Fungua madirisha usubiri, hata miezi. Chumvi ipigwe brashi ikiwa kavu na unga uzolewe utupwe. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani.

Wakati mzuri wa kupaka ni kipupwe, Juni hadi Agosti, mvua za masika zikishapita na jua halijawa kali la kukausha chokaa kabla haijashika. Mchanga usiwe wa pwani, una chumvi. Chokaa iwe imerowekwa mapema, kipimo kimoja kwa mitatu ya mchanga, na kila tabaka lisizidi sentimita 1. Kinga macho, chokaa huunguza. Ncha za boriti zichomwe kwa msumari kujua kama zimeoza, na zikizama kwa urahisi simamisha kazi umwite mtu anayejua dari. Watoto wasiingie chumbani, na ndoo ya chokaa ifunikwe kila jioni.