Kuipita baiskeli barabarani Nairobi

Kenya tunaendesha upande wa kushoto, kwa hivyo baiskeli hupitwa kwa kulia. Taabu ni kwamba ukingo wa kushoto ndiko kwenye mashimo, mchanga na mitaro isiyo na vifuniko. Mwendesha baiskeli atakwepa ghafla, bila kukuarifu. Mwachie angalau mita 1.5, yaani upana wa mlango wa gari uliofunguliwa wote, na zaidi kidogo. Lori na basi zimwachie nafasi zaidi, maana upepo wake humyumbisha mtu. Gari likija mbele na nafasi hiyo haipo, kaa nyuma ya baiskeli tu.

Tazama vioo, washa indiketa ya kulia, sogea mapema. Usipige honi ukiwa ubavuni mwake. Akishtuka, usukani unayumba. Rudi kushoto ukishaiona baiskeli yote kwenye kioo cha ndani. Kosa baya kuliko yote ni kumpita kisha ukakata kona ya kushoto mbele yake. Unageuka karibu? Subiri atangulie.

Ukiegesha, fungua mlango wako kwa mkono wa kushoto: mwili utageuka, na macho yataona anayekuja nyuma.

Nawe wa baiskeli, usiipite kwa kushoto matatu iliyosimama. Mlango wa abiria uko huko, na utingo huruka kabla gari halijatulia. Lori likiwasha indiketa ya kushoto, usijipenyeze kando yake. Dereva hakuoni kabisa. Usiku, taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma.