SOMO: Jinsi ya kuendesha kikundi cha kusoma vitabu maktaba ya mtaa (na kisife mwezi wa pili)

Mbukwenyi wadau. Kuna watu kama wanne wamenifuata pembeni wanauliza kile kikundi chetu cha Jumamosi kinaendaje, maana wao wamejaribu kwenye mitaa yao kikafa. Nimeona bora niandike hapa mara moja wote msome. Ntaenda kwa hatua ila hatua nyingine ndefu nyingine fupi, mnivumilie, naandika kwa simu na upepo wa Dodoma leo umeleta vumbi hadi kwenye kioo.

Kabla ya hatua niwaambie tulivyofeli sisi. Mara ya kwanza tulitangaza kila sehemu, kanisani, msikitini, hadi kwenye mabanda ya chipsi, wakaja watu 22, maktaba yenyewe ni chumba kimoja kwahiyo wengine walikaa nje kwenye ngazi. Tukawa tumemwalika mwalimu mmoja mstaafu atuelezee kitabu. Mzee wa watu akaelezea saa moja na nusu, dhamira, wahusika, tamathali za semi, watu wanaandika kwenye madaftari kama kidato cha nne wiki ya mtihani. Mi nikawa najisifu moyoni. Mkutano wa pili wakaja 5, na mmoja kati ya hao watano alikuja kufuata sufuria lake la chai.

Nikaanza kuwapitia mmoja mmoja. Dada mmoja nilimkuta gengeni kwake, aliponiona akaanza kupanga nyanya ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Tukaongea mambo mengine weee, watoto, bei ya mkaa, mwisho ndo akasema, "Dada, sikumaliza kitabu. Nikaona aibu kuja." Nikaenda kwa wa pili, wa tatu, wa saba, maneno yaleyale, mwingine hata hakuwa amekianza. Kumbe hamna aliyechukia vitabu. Kwahiyo hatua zote hapa chini nimezipanga ili mtu ambaye hajamaliza kitabu aweze kuingia mlangoni bila kuinamisha kichwa.

HATUA YA 1: Hesabu nakala kabla ya kuchagua kitabu

Wengi wanaanza na kitabu wanachokipenda afu ndo wanatafuta nakala. Geuza. Ingia kwenye shelfu, angalia kipi kina nakala hata 3 au 4, anzia hapo. Sisi tuko 14 na kitabu chetu cha kwanza baada ya kufufuka kilikuwa na nakala 5 tu. Tukapangana na wenza wa kitabu, wawili au watatu wanaokaa karibu, mmoja anakaa nacho Jumapili hadi Jumanne, mwingine anakuja kukichukua. Hapo kuna faida nyingine hatukuitegemea, mwenzio akija kuchukua kitabu lazima akuulize umefika wapi, unajikuta unasoma kurasa mbili za haraka huku ugali unaiva.

Na msijipangie kitabu kizima kwa mwezi. Kurasa 25 kwa wiki zinatosha. Kitabu kikiisha kwa miezi miwili hamna askari atakayekuja.

HATUA YA 2: Siku na saa

Jumamosi saa kumi jioni, tunamaliza saa kumi na moja na nusu. Saa nane mchana jua la huku mnalijua, watu wanasinzia. Saa kumi na mbili kina mama wanawaza jikoni. Msimu wa kilimo, kuanzia Desemba huko hadi Aprili, nusu ya wanachama wanakuwa shamba, wengine wanaenda Bahi, Chamwino, kulala hukohuko wiki nzima. Usilazimishe riwaya kipindi hicho. Sisi tunasoma hadithi fupi na mashairi, kitu kinachoanza na kuisha siku hiyohiyo, hata aliyekosa wiki tatu akija yuko sawa na wenzake.

Hapo ngonjera zinasaidia sana. Mathias Mnyampala, mtoto wa hapahapa Ugogoni (1917 hadi 1969), ndiye aliyezipa ngonjera umaarufu, na zile ni majibizano, kwahiyo gawa watu pande mbili wasome kwa kujibizana. Mara ya kwanza tulivyofanya hivo mlinzi wa jengo la jirani alikuja kuchungulia akidhani kuna ugomvi. Sa hivi ni mwanachama.

HATUA YA 3: Someni kwa sauti, hapohapo

Hii ndo roho ya somo. Dakika 20 hadi 30 za mwanzo hamjadili chochote, mnasoma. Chagua kurasa nne au tano zenye moto, mmoja anasoma ukurasa anampa mwenzie, asiyetaka kusoma anasema "pita" na hamna kumuuliza kwanini. Hilo la "pita" lisimamie kwelikweli maana kuna watu macho hayaoni vizuri na hawana miwani, kuna watu waliacha shule darasa la nne, na hawatakwambia.

Mwanzo niliogopa wataona kama chekechea. Aliyenitoa hofu ni mzee mmoja kwenye kikundi, akasema mbona hiki kitu tumekifanya sana, 1973 kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, mnakaa chini ya mbuyu na redio, kipindi kikiisha mmoja anasoma kijitabu kwa sauti, afu mnaulizana, na mkitoka hapo mnaenda kuchimba choo. Kampeni ile ilikusanya watu kama milioni 2 nchi nzima kwenye vikundi vya namna hiyo, wengi ndo kwanza walikuwa wametoka kwenye kisomo cha watu wazima. Kwahiyo hatujagundua chochote, tumekumbushwa.

HATUA YA 4: Swali moja zuri, sio kumi

Achaneni na "dhamira ya mwandishi ni nini". Hilo swali linafukuza watu, linanuka chaki. Tafuta mahali kwenye kitabu ambapo mtu amefanya kitu, uliza wewe ungefanyaje.

Nitoe mfano. Tulisoma Rosa Mistika ya Kezilahabi, ile ya 1971 ambayo kuna kipindi ilizuiwa mashuleni. Mwanzoni kuna pale baba yake Rosa, Zakaria, anamchapa binti sababu ya barua ya mvulana. Tukasoma kwa sauti hadi pale, nikauliza kitu kimoja tu, we ungekuwa Regina, mama mtu, usiku ule ungefanya nini? Kimya. Kimya kirefu mpaka nikataka kujijibu mwenyewe (msifanye hivo, hesabuni kimoyomoyo hadi 20). Afu yule dada wa gengeni, kidole chake bado kipo kwenye mstari ule aliousoma mara ya mwisho, akasema taratibu, "Mi nilikuwa Rosa. Mama yangu alienda kuchota maji." Hakuongeza neno. Fundi baiskeli mmoja akasema yeye alishawahi kuwa Zakaria, kwa kitu kidogo kuliko barua. Siku ile tulitoka saa moja usiku na hamna aliyetaja tamathali ya semi.

Andaa swali lako moja nyumbani, liandike kwenye karatasi, mengine yatakuja yenyewe.

HATUA YA 5: Muongeaji

Kila kikundi kina mmoja. Wetu alikuwa na historia ya dunia nzima kichwani. Tukaanza kila mtu anapewa karanga tatu, ukiongea unaweka moja kwenye sahani, zikiisha unasikiliza. Inafanya kazi, tatizo watu wanakula karanga zao afu wanasema wameshaongea. Tumia punje za mahindi.

HATUA YA 6: Daftari

Daftari la kuazima lishikwe na mtu mmoja. Jina, kitabu, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, hali ya kitabu. Hiyo ya hali ya kitabu ni muhimu, kuna nakala yetu ilirudi haina jalada na maelezo yakawa ni mbuzi. Tukacheka, tukaibandika jalada la boksi la biskuti, maisha yakaendelea. Faini hatutozi, mtu akiogopa faini anakaa na kitabu moja kwa moja.

Haya maswali, nimeyakusanya yaliyokuja.

Mama wa Kisasa: Dada habari, sisi tumewaza kila mtu achangie 2,000 ya chai na vitafunio, ni sawa?

Nzuri mama. Mi nisingeweka kiingilio. Asiyekuwa nayo wiki hiyo hatosema hana, hatokuja tu, tumerudi kwenye aibu ileile. Sisi kuna kopo mlangoni, mwenye nacho anatia, na chai ni ya zamu. Wiki ambayo hamna kitu tunakunywa maji.

Mwalimu, Kongwa: Nakupongeza ila mimi naona kusoma kwa sauti watu wazima ni kuwadumaza, watazoea kusomewa. Kikundi cha vitabu lazima mtu asome kwake.

Shikamoo mwalimu. Hoja yako naielewa na hata mkutubi wetu aliwaza hivohivo. Ila angalia daftari letu, kabla ya kusoma kwa sauti vitabu viliazimwa kwa kusukumana, sa hivi ukisoma kurasa tano zikakatika pale patamu, watu wanagombania nakala mlangoni. Kata pale patamu mwalimu, ndo siri. Ukisoma hadi mwisho wa sura umeharibu.

Mdau Nkuhungu: Kwani lazima tukutane? Si tufungue grupu la WhatsApp tu kila mtu achangie akiwa kwake, bando tunalo

Fungueni la kukumbushana siku na nani ana nakala. Mjadala wenyewe tulijaribu, ndani ya siku tatu likawa grupu la salamu za asubuhi na maua. Halafu kuna watu kama watatu kwetu wana simu za vitochi. Na tafadhali msipige picha kitabu kizima kurasa kwa kurasa mkarusha humo, wala kutoa kopi kitabu kizima steshenari, mwandishi naye anakula. Kama nakala hazitoshi nendeni maktaba ya mkoa pale mjini mkaulize utaratibu wa kuazima, kwenda na barua ya serikali ya mtaa kunasaidia kuonekana mko siriasi.

Binti wa Ipagala: Dada shikamoo. Kwetu wazee na vijana wakikaa pamoja vijana hawaongei kabisa, tunaogopa kuonekana hatuna adabu

Marahaba mdogo wangu. Hilo lilitusumbua mno. Kilichosaidia ni kuanza wawili wawili dakika tano, kijana na kijana, mzee na mzee, afu mnarudi kwenye duara na kila mtu anasema alichosema MWENZIE. Kusema la mwenzio sio utovu wa adabu. Na kuna siku mchague kitabu ambacho wazee ndo wenye majibu, sisi tulileta kile cha Mnyampala cha 1954 cha historia na mila za Wagogo, wazee wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe kuhusu mambo ya kwao, vijana ndo wakawa waamuzi. Raha sana.

Kaka wa Majengo: Mume wa mwanachama wetu anasema hicho ni kikoba cha umbea kamkataza mke kuja. Tufanyeje?

Msiende kumfokea kaka yangu. Mtumeni mtu anayemheshimu, rika lake, amkaribishe akae siku moja tu. Kwetu alikuja mmoja wa hivo kakunja sura, tukampa ukurasa asome, akasema pita. Wiki iliyofuata alikuja tena, na miwani.

Mdau Nkuhungu (tena): sasa na mtu akija hajasoma hata ukurasa mmoja wiki nne mfululizo tumtoe?

Hapana jamani. Huyo mpe kazi ya kushika daftari.