Kutuma matokeo ya SAT vyuo vya Marekani bila kuchoma hela

Wadogo zangu mnaoaplai Marekani, kila msimu naona mtu analipia kutuma matokeo ya SAT (ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani) vyuo nane kabla hajasoma chuo kinataka nini, na hela yenyewe mzazi kaiungaunga. Inaniuma sana. Tulia kwanza.

Ingia ukurasa wa udahili wa kila chuo usome wanasemaje kuhusu SAT. MIT ni lazima, Harvard walirudisha hilo sharti 2024, ila University of California hawaiangalii kabisa hata uwe na 1600, yaani alama zote. Kwingine kwingi ni hiari, hapo tafuta alama za waliodahiliwa mwaka jana, kama zako zipo chini kabisa ya zao usitume.

Halafu hii wengi hawaijui: vyuo vingi vinakuruhusu ujaze alama mwenyewe kwenye fomu ya Common App (ile ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi kwa pamoja), bure kabisa, ripoti rasmi watakuja kuidai ukishapata nafasi na umeamua kwenda. Jaza kama zilivyo, 1340 ni 1340, maana wakija kulinganisha zikapishana nafasi imeondoka.

Kwa chuo kinachotaka ripoti rasmi mapema, fungua akaunti yako ya College Board (hao ndo wenye SAT), tafuta chuo kwa jina au msimbo wake wa tarakimu nne, hakikisha na mji maana majina yanafanana sana, ndo utume. Ukijisajili mtihani unapata ripoti 4 za bure ila mwisho wa kuzitumia ni siku 9 baada ya mtihani, yaani matokeo hujayaona bado, kwahiyo mi naona uzipeleke kwenye vyuo ambavyo SAT ni lazima na una uhakika utaaplai. Zikipita hizo unalipa kwa dola, kila chuo na yake.

Sasa majina, jamani majina! Mimi SAT nilijisajili kwa majina mawili, fomu ya chuo nikajaza matatu kama pasipoti, akaunti ya chuo ikakaa wiki 3 inaonyesha matokeo hayajafika wakati College Board yanasoma yametumwa, usingizi sikupata. Andika majina kama ya pasipoti kila mahali, na imeli iwe ileile. Ikishatokea usilipie tena, waandikie watu wa udahili majina yako yote mawili na matatu, tarehe ya kuzaliwa, siku uliyotuma, na skrinishoti ya kuonyesha yametumwa. Mimi niliandika jioni, kesho yake wakawa wameyaunganisha.