Turubai likishaondolewa: namna ya kukaa na mfiwa

Siku za msiba wenyewe watu wa Moshi hawana cha kufundishwa. Taarifa ikitoka, vijana wanafunga turubai, viti vinaletwa, akina mama wanashika masufuria, daftari la rambirambi linawekwa mezani, na jumuiya inakuja kusali kila jioni mpaka marehemu azikwe kihambani, yaani kwenye shamba la familia penye nyumba. Pengo linaanza baada ya hapo. Wageni wa Dar wamepanda basi, viti vimerudishwa kwa mwenyewe, na mfiwa amebaki na nyumba yake. Tunazungumzia majuma hayo, hasa la pili hadi la nane.

Msiagane kwa "tutakuwa tunapita". Ahadi hiyo ndiyo inayokufa mapema, kwa kuwa kila mmoja anadhani mwenzake kapita. Kabla jumuiya haijatawanyika, teueni watu wawili na siku zao: mmoja Jumanne, mwingine Ijumaa. Pigeni simu asubuhi, kaeni nusu saa, muondoke. Mkienda kumi kwa pamoja mfiwa atalazimika kuchemsha chai, na hapo mmemwongezea kazi.

Chakula kipelekwe kikiwa kimeiva. Wafiwa wengi hawasikii njaa, ila kitu laini kinapita, na huku kwetu kitu hicho ni mtori. Kwa watu wanne au watano chukua nusu kilo ya nyama yenye mifupa na ndizi mbichi kama 12. Chemsha nyama na kitunguu mpaka iachane na mfupa, itoe, kisha pika ndizi ndani ya supu ile ile mpaka zilegee. Ponda mpaka mabonge yaishe, tia chumvi, rudisha nyama. Uache mwepesi kuliko unavyoupenda, maana ukipoa unakaza, na ukifika umekuwa kama ugali hakuna atakayeugusa. Peleka kwenye chombo usichokidai. Nyumba ya msiba huwa na mabakuli ya watu mpaka darini, na kuyarudisha ni mzigo.

Kuhusu maneno: "Pole sana, mama" inatosha, kisha nyamaza. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo walikuwa wanafanya vizuri. Walipofungua vinywa ndipo wakaharibu. Watu hupenda kumtupia mfiwa lile la "Bwana alitoa na Bwana ametwaa". Lisome tena mahali lilipo. Ayubu alilisema mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuambiwa na wageni. Mfiwa akilisema, itikia Amina. Usimtangulie. "Jikaze" nalo liache, na usidadisi alikufaje. Mtaje marehemu kwa jina. Watu huogopa kumkumbusha, kana kwamba alikuwa amesahau.

Baba aliyefiwa na mke ana shida yake: akiulizwa anajibu "namshukuru Mungu" na mlango umefungwa. Mfuate shambani, shika panga mpunguze migomba pamoja. Mikono ikiwa kazini mdomo hufunguka wenyewe. Watoto waambiwe wazi kwamba baba amekufa. Ukisema "amesafiri" watamsubiri; ukisema "amelala" wapo watakaoogopa kulala. Mwalimu wa darasa naye apewe taarifa. Na mama ambaye mimba imeharibika amefiwa pia, hata kama halikufungwa turubai. Aende mwanamke mmoja anayemwamini, na mtori wake.

Kuna huruma ya makaratasi ambayo wachungaji huisahau. Taarifa ya kifo inatakiwa kufikishwa kwa msajili ndani ya siku 30 ili cheti kitoke, na bila cheti benki na mirathi hazisogei. Jitolee kwenda naye, ukiwa umeshika kibali cha mazishi na nakala ya kitambulisho chake. Kama kifo kilitokea nyumbani, anzieni kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Kuwa msindikizaji tu. Nani apewe kihamba si swali la mtu aliyekuja kufariji, hata kama wewe ni shemeji. Na usimshauri mjane atoe pesa kwenye simu ya marehemu kwa namba ya siri anayoijua, kwani kesho ndugu watamwita mwizi.

Kulia, kukosa usingizi, kusahau sufuria jikoni, hata kumkasirikia Mungu, ni mambo ya kawaida. Usikimbilie kuyaombea kama pepo. Lakini akianza kusema anataka kumfuata marehemu, akagoma kabisa kula, au akazama kwenye pombe, asiachwe peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na mchungaji au katekista aje huko huko.

Mwisho, andika tarehe kwenye simu yako: siku aliyozaliwa marehemu, siku ya ndoa yao, siku aliyofariki. Ongeza wiki ya kabla ya Krismasi, ambapo Wachaga wanapanda nyumbani kwa magari yaliyojaa na geti moja halina wa kulifungulia. Nenda kabla hawajafika, msaidie kufagia kaburi na kung'oa majani, na muulize anataka kula sikukuu wapi. Akisema nyumbani kwake, usimbishie. Nenda wewe ukale kwake.