Turbo Inayokata Pumzi Raundi za Juu: Fungua Njia ya Hewa Kwanza

Ukipanda kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit, gari likivuta vizuri hadi raundi 4,500 kwa dakika kisha likilegea, usikimbilie kuongeza presha ya turbo, kile kifaa kinachokandamiza hewa inayoingia kwenye injini. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ina presha ya karibu kPa 81, ya Mombasa 101. Geji ya turbo huonyesha presha iliyozidi ile ya hewa ya nje; ikisoma baa 0.8 (kPa 80), turbo ya Mombasa imekandamiza hewa mara 1.8, ya kwetu karibu mara 2. Tayari inazunguka kasi zaidi na kutoa hewa ya moto zaidi.

Hatua ya 1: Tafuta mivujo. Injini ikiwa imezimwa, ziba mdomo wa turbo wa kuingizia hewa kwa kizibo chenye valvu ya tairi, jaza hewa polepole isizidi baa 1, paka maji ya sabuni kwenye mipira na klempu. Mapovu yatakuonyesha.

Hatua ya 2: Funga geji ya mvuto kati ya chujio na turbo, kisha upande mlima. Tafadhali msiiruke hii. Presha inayopotea kabla ya turbo huzidishwa: ikikandamiza mara 2, kPa 3 zilizopotea hapa ni 6 upande wa pili. Vumbi la Njoro na Rongai hujaza chujio kabla ya siku ya sevisi.

Hatua ya 3: Eksozi. Toa sensa ya oksijeni iliyo baada ya turbo na kabla ya katalisti (kisafisha moshi), funga geji penye tundu lake. Presha ikipaa sana raundi za juu, huenda katalisti imeziba.

Hatua ya 4: Sasa guseni presha, mkiwa na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli.

MASWALI

Mwanachama, Kisumu: Fundi, huku tuko chini lakini joto ni kali. Nibadilishe nini?
Jibu: Angalia kipoza hewa ya turbo (intercooler), ndugu yangu. Safisha mapezi yake kwanza, na hakikisha hewa haipiti pembeni.

Mwanachama, Kakamega: Naweza kuweka chujio la wazi ndani ya boneti?
Jibu: Bila kulitenga na joto la injini, hapana, dada. Litavuta hewa ya moto.

Mwanachama, Nakuru: Yangu haishuki, inakatakata tu juu ya 5,000.
Jibu: Anza na plagi. Pengo likiwa pana, presha huzima cheche. Jaribu milimita 0.7. Ikiendelea, pima presha ya petroli kabla hujaendesha tena kwa nguvu, maana mafuta yakipungua mzigoni, pistoni hutoboka.