Threadripper ikipoteza RAM, kagua skrubu za soketi kwanza

Umefunga Threadripper 7980X, prosesa ya AMD, umeweka RAM nne za GB 32, lakini BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) inasoma GB 96. Usikimbilie kulaumu RAM. Soketi ya sTR5, pale prosesa hii inapokaa, ina pini 4844, na kifuniko chake kikikazwa upande mmoja zaidi ya mwingine, pini kadhaa hazigusi prosesa vizuri na chaneli nzima ya RAM (njia inayoiunganisha na prosesa) inapotea.

Zima, chomoa waya wa umeme, toa kipoozaji. Legeza skrubu za kifuniko kwa kurudi nyuma kwa namba zake: 3, 2, 1, kisha toa prosesa. Mulika soketi kwa tochi ukiwa umeinama pembeni. Pini iliyopinda au chembe ya vumbi huonekana kama doa linalovunja mng'ao. Usiguse pini kwa kidole. Rudisha prosesa, kisha kaza 1, 2, 3 kwa bisibisi ile iliyokuja kwenye boksi lake, mpaka ilie "ka". Bisibisi ya kawaida haikuambii pa kuishia, na hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Paka pesti mpya ifunike uso wote wa prosesa, maana vipande vyenye viini vimesambaa hadi pembeni. Ukiwasha, kioo kinaweza kukaa cheusi dakika kadhaa wakati RAM inapimwa. Subiri, usikate umeme.

PBO (kipengele cha AMD cha kuongeza kasi ya prosesa) usiiwashe kabla GB 128 zote hazijaonekana. Prosesa hii ni ya wati 350 kabla hata hujaiongezea kasi.