Kabla hujailipa kampuni ndogo ikuhifadhie tovuti

Kampuni ndogo ina raha yake: ukiandika kuomba msaada, mara nyingi anayekujibu ndiye huyo huyo anayeitunza seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti yako. Ila kuna mambo ya kumuuliza mapema, na mengine ya kuyapima mwenyewe.

Anza na tovuti yako. Faili na hifadhidata zinakula nafasi kiasi gani? Saa ambazo wageni ni wengi, kumbukumbu ya seva (RAM) inayotumika inafika wapi? Usipoyajua haya utanunua kwa kubahatisha, halafu neno "bila kikomo" litakuvuta. Diski na prosesa zina mwisho, na mwisho huo umeandikwa kwenye masharti, pengine kama idadi ya faili. Hata ahadi ya kuwa hewani 99.9% ikitimizwa, tovuti inaweza kuzimika karibu saa 9 kwa mwaka.

Nakala rudufu ndizo zinazoninyima usingizi. Tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza kituo cha data cha OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu nakala zao zilikaa eneo lile lile. Hiyo ni kampuni kubwa. Kampuni ndogo nyingi hukodi seva kwa hao wakubwa, kwa hiyo uliza bila haya: seva ni zenu au mmekodi, na kwa nani? Nakala zinachukuliwa kila baada ya muda gani, zinatunzwa siku ngapi, ziko mji gani? Kisha omba siku za majaribio, pandisha tovuti ya mfano, ifute, uirejeshe. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa mimi siihesabu. Nyingine iweke mahali ambapo kampuni hiyo haina ufunguo.

Jina la domeni lisajili kwingine kabisa. Hapa sina mjadala. Kampuni ikifunga milango ghafla na domeni iko kwao, hata ukiwa na nakala zote, anwani ambayo wasomaji wanaijua imekwama. Ikiwa mikononi mwako, unabadilisha rekodi za DNS, zile zinazoelekeza jina lako kwenye seva, na kuendelea na safari.

Bei itazame ya mwaka wa pili, si ile ya kukaribishia. Cheti cha usalama, kile kinachoipa tovuti https, shirika la Let's Encrypt wanatoa bure; anayekutoza aeleze unapata nini cha ziada.

Halafu watumie swali la kiufundi usiku wa Jumapili, kabla hujalipa chochote. Pima saa, na pima kama wamelielewa swali au wamekubandikia jibu la kila mtu.

Ukiridhika, lipia mwezi mmoja tu. Siku moja au mbili kabla ya kuhama, punguza TTL ya rekodi zako za DNS (muda ambao kompyuta nyingine huzikumbuka kabla ya kuuliza upya) hadi dakika 5, na seva ya zamani iache iwake angalau wiki nzima, hasa kama barua pepe zako nazo zinapitia huko.